Kilo Sitini na Kilo Mbili

Umeuliza, Nežka, kama unaweza kumleta yule mtoto wa mbwa
nyumbani kwenye jitu lako. Ngoja nikwambie.

Nilipomwoa Vida, hapa Ptuj, theluji ya kwanza ikianguka,
alikuja na masanduku manne, cherehani,
na Mrvica, yaani Chembe: kilo mbili,
masikio ya kipepeo, sauti ya kengele ya baiskeli.
Mimi nilikuwa na nyumba, jiko la vigae,
na Medved, yaani Dubu: kilo sitini,
mbwa wa kuchunga asiye na kondoo.

Ožbolt fundi viatu alisema, "Huyo mdogo ni kitafunwa."
Nilicheka. Dubu hajaua hata nzi.
Alimnusa Chembe kwa pua iliyokishinda kichwa chake,
akalala chini, akashusha pumzi.
Chembe akamng'ata mdomo.
Basi, nikasema, wamezoeana.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia:
hilo tuliambiwa.
Hatukuambiwa habari za tembo anayecheza.

Jumapili ile hapakuwa na vita.
Hapakuwa na mfupa, wala wivu, wala bakuli.
Palikuwa na furaha tu. Dubu aliinamisha kifua,
akainua kiuno, mkia ukafagia vikombe mezani,
akatupa mguu mmoja mbele kuomba mchezo,
na mguu ule ukatua.

Nilichosikia kilikuwa kidogo.
Kama njiti ya kiberiti.

Mbavu mbili. Daktari Hedvika aliishika picha kwenye taa.
"Mbwa wako hana kosa," alisema,
"ndiyo maana siwezi kumwonya yeye."
Akanitazama mimi.
Vida alimbeba Chembe ndani ya koti, vifungo vyote vimefungwa,
na hakunisemesha mpaka tulipovuka daraja la Drava.

Tangu hapo nyumba yetu ina mpaka.
Nilichonga kilango cha mbao, chini nikakitoboa tundu
la upana wa kopo la maziwa:
Chembe hupita mzima mzima, Dubu hupitisha pua.
Hula dakika ileile, yeye jikoni, mwenzake juu, milango imefungwa,
asiombwe mtu ukarimu akiwa na njaa.
Na mpira wa Chembe, mdogo kama jozi, hufungiwa kabatini,
maana ukiingia kwenye koo la Dubu hautoki.
Hilo sikulijua. Nilidhani hatari hushuka tu,
kutoka juu kwenda chini.

Vida naye aliacha kumpakata kila anapobweka.
Mikononi mwake Chembe alikuwa askari juu ya ngome,
akitukana jeshi zima.

Tukienda kununua mkate tu, tunawatenga.
Dubu hulalamika. Alalamike.

Mimi mwenyewe, Nežka, nina kilo mia na kumi na mbili.
Nilijifunza kugeuka jikoni polepole,
kuweka sufuria bila kishindo,
kufunga mlango kwa kiganja, si kwa kisigino.
Nilifanya hivyo kwa ajili ya Chembe.
Ndipo siku moja nikagundua kwamba Vida hashtuki tena.
Sikuwa nimejua kwamba alikuwa akishtuka.
Sijamuuliza alijifunzia wapi, katika nyumba ya nani.
Namngoja aanze yeye.

Basi mlete huyo mtoto.
Lakini seremala aje kwanza, mbwa baadaye,
na usimwamini mtu akikwambia jitu lako ni pole.
Ni pole. Hilo halijapunguza uzito wake.

Usiku, tukiwa tumeketi, Chembe huingia tunduni kwa hiari yake,
humzunguka Dubu mara tatu, kisha hujikunja shingoni pake.
Dubu huganda. Mguu humfa ganzi, hausogezi.
Vida hufuma, mimi huangalia moto.
Ni picha nzuri, ungependa kuipiga.
Ikifika saa nne mmoja wetu huinuka,
humwokota Chembe, joto lote lile mkononi,
na hufunga kilango.